Kifurushi ni amana: siri ya mwenye mzigo na uhai wa wanaoubeba

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni kutuma vifurushi. Sisi hatulioni dogo. Ipo nyumba tunayoifahamu ambayo stara yake ilivunjwa na boksi moja lisilozidi ukubwa wa mkate, na waliolivunjia stara hawakuwa wezi wala mahasidi. Walikuwa watu waliokuwa kazini.

Habari yenyewe ni hii. Mama mmoja wa Dar es Salaam alikwenda kumuuguza mzazi wake katika mji wa pwani, ambao jina lake tunalificha kwa makusudi. Alitarajia kukaa siku nne, akakaa wiki mbili. Dawa alizokuwa akizitumia kila siku, nazo ni za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI, zikawa zinakaribia kumwishia, na nyumbani kulikuwa na chupa nyingine kabatini. Akampigia simu mumewe, mumewe akazitia katika boksi na kulipeleka stendi, katika ofisi ya mizigo ya basi. Karani akamwuliza kuna nini ndani. Mume akajibu kweli, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa alidhani anazungumza na karani peke yake. Karani akachukua kalamu nene ya wino na kuandika juu ya boksi jina kamili la mama yule, namba yake ya simu, na ubavuni, kwa herufi kubwa, aina ya dawa zilizomo.

Basi lilipowasili jioni, boksi likashushwa pamoja na magunia na ndoo za watu wengine. Mpagazi, kama ilivyo ada yake, akasimama juu ya ngazi ya ofisi na kuita mizigo kwa sauti, jina baada ya jina. Lilipofika boksi lile akaita jina na kilichoandikwa ubavuni. Katika uwanja ule walikuwapo wauza maji, madereva wa bodaboda na watu wawili wa mtaa mmoja na mzazi wa mama yule. Hapakupita siku tatu kabla jamaa hawajaanza kuosha mara mbili vikombe alivyonywea chai. Naye alifunga safari kurudi Dar es Salaam kabla mzazi wake hajapata nafuu.

Tulipohadithiwa kisa hiki, swali la mwanzo lililotujia lilikuwa ni nani aliyekosea. Wapo waliosema mume alikuwa mjinga, angesema ndani mna nguo tu, mambo yakaisha. Na hapo ndipo tunapopenda kusimama kwa kitambo, kwa sababu jibu hilo ndilo walilonalo wengi katika nyumba zetu, na ni jibu la hatari. Mume hakukosea kusema kweli. Karani naye hakukosea kuuliza, maana ni wajibu wake kujua kinachoingia katika buti la basi. Kosa lilianza pale ambapo maneno aliyoambiwa karani ili ayajue yeye yalipohamishiwa juu ya boksi ili wayajue wote.

Uislamu umelipa jina jambo analokabidhiwa mtu namna hii, umeliita amana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hilo fikra zetu huenda kwenye fedha na mali. Lakini katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameyahesabu maneno nayo kuwa amana: mtu akimzungumzia mwenzake kisha akageuka kutazama kama yupo anayesikiliza, basi yale aliyoyasema ni amana kwa aliyeambiwa. Hata kuombwa kwa mdomo kwamba ayafiche hakukuhitajika, kule kugeuka peke yake kumetosha. Mume yule aliposhusha sauti mbele ya dirisha la ofisi alikuwa amegeuka.

Tukumbuke pia usiku wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamekwisha kupanga kumuua Mtume (S.A.W.), na huku mali zao walikuwa wakiziweka kwake, kwa kuwa hawakumpata mwaminifu zaidi yake katika Makka nzima. Alipoondoka alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma yake, pamoja na hatari yote iliyokuwapo, ili awarudishie wenye amana amana zao, kisha ndipo amfuate Madina. Karani wa leo anayekabidhiwa mzigo na mtu asiyemjua, pengine asiye wa dini yake, na apime mwenyewe kiwango hicho.

Kuhusu barua na kufungwa kwake, Waislamu wa mwanzo hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri, akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na utume wake, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.). Muhuri una kazi mbili: humjulisha mpokeaji ametumiwa na nani, na humhakikishia kwamba njiani hapakupita mkono mwingine. Baadaye, katika zama za Muawiya, wanahistoria wamesimulia kwamba Amr bin Zubair alipewa barua aipeleke kwa Ziyad, gavana wa Iraq, ili alipwe dirham 100,000. Akaifungua njiani na kuifanya 200,000. Ziyad alipopeleka hesabu zake Muawiya akashangaa, kwani hakuandika kiasi hicho. Tangu hapo ikaanzishwa ofisi maalumu ya mihuri, Diwanul-Khatam, na barua za serikali zikawa zinafungwa na kupigwa muhuri kabla ya kutoka. Utepe wa gundi wenye nembo anaoutumia karani wa posta leo kufungia boksi ni mjukuu wa ofisi ile.

Je, hii ina maana kwamba hakuna mwenye haki ya kujua kilichomo? La. Ni kweli kwamba Surat Al-Hujuraat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana. Lakini tunacho kisa cha Hatib bin Abi Baltaa (R.A.), kilichomo katika Bukhari na Muslim. Huyu ni sahaba aliyepigana Badr, lakini kabla ya kufunguliwa Makka aliwaandikia Makuraishi kuwajulisha safari ya Waislamu, akampa barua mwanamke mmoja msafiri. Mtume (S.A.W.) akawatuma Ali na wenzake wamfuate mpaka bustani ya Khakh. Mwanamke akakana, wakamshikilia kwa maneno makali mpaka akaitoa barua ndani ya misuko ya nywele zake, nao wakaipeleka kwa Mtume (S.A.W.). Tazama jinsi upekuzi ule ulivyokuwa. Uliamrishwa na mwenye mamlaka, ulimhusu mtu mmoja anayejulikana, ulikuwa na sababu inayogusa uhai wa watu, na kilichopatikana kilipelekwa kwa aliyekitaka badala ya kutangazwa njiani. Hawakusimamisha kila msafiri wa njia ya Makka wakafungua mizigo yake kwa kutaka kujua.

Sasa uhai wa watu ndio unaompa karani haki ya kuuliza. Katika hili tunaona familia zetu zina mapungufu makubwa kuliko makarani. Sote tumewahi kuona, na wengine wetu tumewahi kufanya, mzigo ukipelekwa stendi na kuandikwa nguo, ilhali katikati ya nguo hizo mna chupa ya spiriti, betri ya pikipiki yenye asidi, kopo la rangi na kitezi chake cha kuyeyushia, dawa ya kuulia wadudu, au mtungi mdogo wa gesi. Buti la basi lipo chini ya miguu ya abiria. Juu ya chupa ile wamekaa watu hamsini na zaidi, wamo wajawazito na wanafunzi wanaorudi shule, na hakuna hata mmoja wao aliyetakwa ridhaa.

Wanaotuma kwa ndege wajue kwamba hali huko ni nzito zaidi. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani. Haikupita nusu saa kengele ya moto ikalia. Marubani wakageuza kurudi Dubai, lakini moshi ulijaa katika chumba chao kiasi cha kutoweza kuona vyombo vilivyo mbele yao, na ndege ikaanguka. Wote wawili wakafariki. Wachunguzi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, katika ripoti yao ya mwaka 2013, walieleza kwamba ndani ya shehena mlikuwa na betri za lithiamu kwa wingi, kwamba moto yaelekea ulianzia humo, na kwamba baadhi ya shehena hizo zilistahili kutangazwa kuwa ni za hatari lakini hazikutangazwa. Betri za namna hiyo ndizo zilizomo katika simu zetu, kompyuta za kupakata na zile pawabenki ambazo jamaa walioko Dubai na Muscat wanapenda kututumia. Ikigongwa, ikibanwa na mzigo mzito, au ncha zake zikigusana na funguo ama sarafu, betri ya lithiamu huweza kupata joto ambalo hujizidisha lenyewe mpaka ikawaka, na moto wake ni mgumu kuuzima.

Kwa sababu hiyo posta za dunia hazipokei betri ya lithiamu iliyo peke yake, pawabenki ikiwamo, katika vifurushi vya ndege vya kimataifa. Iliyofungwa ndani ya kifaa chake huweza kupokewa pale ambapo posta husika imeruhusiwa, na kwa masharti. Manukato yenye spiriti yamo katika yasiyopokewa, hali kadhalika rangi za kucha, viberiti, vichomeo vya gesi na makopo ya kupulizia. Kwa akina mama hili huwa chungu, maana zawadi ya harusi bila ya manukato kwao ni nusu zawadi. Lakini udi mkavu, halua na tende njia yake ni nyepesi zaidi, ilimradi nchi inayopokea inaruhusu vyakula, na hilo huulizwa dirishani kabla ya kufunga.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu walilifanya, nasi tunaendelea nalo: kukunja noti ndani ya pindo la khanga, au kuficha pete ya dhahabu katikati ya kopo la halua. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoasisiwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874, haziruhusu noti, sarafu na vito ndani ya kifurushi cha kawaida kisicho na bima. Aliyeandika khanga mbili akapoteza dhahabu hana la kudai, kwa kuwa yeye mwenyewe ametia sahihi kwamba hakikuwapo kitu kingine.

Sahihi hiyo hutiwa kwenye hati ya forodha. Mzigo wa nje ya nchi hubandikwa hati iitwayo CN 22 ikiwa ni mdogo na wa thamani ndogo, au CN 23 ikiwa ni kifurushi kamili, na humo huandikwa kilichomo, uzito na thamani. Kuandika zawadi peke yake hakutoshi, kwani zawadi huweza kuwa ni kisu. Tangu tarehe 1 Januari 2021, maelezo hayo hutakiwa pia kutumwa kwa njia ya kielektroniki mbele ya mzigo wenyewe, ili forodha ya nchi ya pili iyaone kabla mzigo haujafika. Mtu asidhani, basi, kwamba uongo wake unabaki katika karatasi moja ambayo hakuna atakayeisoma.

Hapa mama mwenye dawa atatuuliza: ikiwa natakiwa kusema kweli, na kweli yangu inabandikwa juu ya boksi, stara yangu iko wapi? Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba ukweli una kipimo. Hati ya forodha inataka aina ya kitu kwa kiasi cha kumwezesha ofisa kujua kama kinaruhusiwa na kinatozwa ushuru gani. Dawa za matumizi binafsi ni maneno ya kweli, na cheti cha daktari hutiwa ndani ya mfuko pamoja na dawa, au huonyeshwa kwa ofisa anayehusika, bila kulazimika kuandika jina la maradhi kwa wapita njia. Nguo za ndani za mwanamke ni nguo. Vitabu ni vitabu. Mwenye kuandika hivyo hajamdanganya mtu yeyote. Aliyeandika nguo juu ya betri ndiye mwongo. Na kwa mizigo ya basi, ambako hakuna hati ya forodha, hakuna sababu yoyote ya kuandika kilichomo juu ya boksi. Yatosha kiandikwe katika nakala ya risiti inayobaki ofisini, na juu ya boksi ikabaki namba ya risiti, mji linakokwenda, jina moja la mpokeaji na namba ya simu. Kama ni kioo au ni kimiminika, alama ya kuvunjika na mshale wa juu vinamtosha mpagazi.

Tunawanasihi pia wasomaji wasilifunge boksi nyumbani kwa mizunguko kumi ya utepe, kama tunavyopenda kufanya. Lipelekwe likiwa wazi, karani aone, kisha lifungwe mbele ya mwenyewe. Anayefungua mzigo mbele yako na kuufunga mbele yako amekuheshimu na amewalinda abiria wake, nawe unakuwa shahidi kwamba ulipotoka mikononi mwako ulikuwa mzima. Mwenye haya ya kuonyesha kilichomo mbele ya foleni ya watu ana haki ya kuomba akionyeshe pembeni, na mwanamke kuomba akaguliwe mzigo wake na mwanamke mwenzake ikiwa yupo. Mara nyingi tumeona ombi hilo likikubaliwa bila neno. Linalokosekana ni mtu wa kuomba.

Halafu kuna lile daftari. Katika ofisi nyingi za mizigo mpokeaji huambiwa aandike jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi katika daftari kubwa lililo wazi juu ya meza. Anapoandika yeye, anasoma yaliyoandikwa na waliomtangulia ukurasa mzima. Sisi wenyewe siku moja, tukisubiri karani arudi kutoka kula, tulijikuta tunajua nani katika mtaa wetu anapokea mzigo kutoka wapi na mara ngapi kwa mwezi. Tuligeuza uso, lakini tulikuwa tumekwisha kusoma. Karatasi ngumu ya kufunika mistari ya juu haina gharama yoyote.

Hao ni makarani. Sasa tuwageukie dada zetu wanaouza mabaibui, mitandio na vipodozi kupitia simu, ambao wengi wao ni wasomaji wetu. Imekuwa ada kwao jioni kupanga vifurushi sakafuni, kuvipiga picha na kuirusha picha hiyo kwa wateja wote, ili wapya waone kwamba mizigo kweli inatoka. Nia ni njema, maana matapeli ni wengi na mnunuzi anataka uthibitisho. Lakini juu ya kila kifurushi katika picha ile mna jina la mwanamke, namba yake ya simu na mji wake, na wakati mwingine namba ya nyumba, kwani tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi nchini zina namba. Mume mwenye wivu huiona. Mume aliyeachwa, anayemtafuta mtalaka wake aliyehama mji, huiona. Mwizi anayetaka kujua nyumba ipi inaletewa vitu vya thamani naye huiona. Vigeuzwe vifurushi chini juu kabla ya kupiga picha. Muuzaji hapotezi chochote.

Mambo haya, ndugu msomaji, hayakuachwa kwa wema wa nafsi za watu tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo ambayo chini yake TCRA hutoa leseni kwa wanaosafirisha vifurushi kwa malipo, na mteja ana haki ya kuuliza kama ofisi anayoikabidhi mzigo wake inayo leseni hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya ya mtu katika daraja la taarifa nyeti. Tume inayoisimamia hupokea malalamiko. Ndugu zetu wa Kenya walitangulia kwa sheria yao ya mwaka 2019, na Katiba yao ya mwaka 2010 inalitaja jambo hili katika ibara ya 31. Kwa hiyo yule karani wa kisa chetu, mbali na hesabu yake mbele ya Allah (S.W.), alikuwa na jambo la kujibu kwa wanadamu pia. Mama yule hakushitaki. Alisema kushitaki kungekuwa ni kuita jina lake mara ya pili juu ya ngazi.

Baki ya maneno ni kwa upande wa kupokea. Mzigo wa posta wa kimataifa unaofuatiliwa hupewa namba yenye alama 13, herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotumwa, kama TZ kwa Tanzania au OM kwa Oman. Namba hiyo ni ya mtumaji na mpokeaji, haifai kurushwa katika makundi ya familia yenye watu mia mbili. Wapo wanaotuma ujumbe wa simu kudai kwamba mzigo wako umekwama forodhani, ulipe kiasi kidogo upesi kwa namba fulani, au ubonyeze anwani waliyoiweka. Ada ya kweli hulipwa kwa risiti katika ofisi yenyewe au kwa namba ya malipo ya serikali, na ofisi ya posta haikimbii, hivyo mtu aende au apige simu kwa namba anayoijua yeye, si ile iliyokuja na ujumbe. Na mjumbe wa kampuni akikuomba namba ya siri iliyoingia katika simu yako ili akukabidhi mzigo, usimtajie kabla hujauona mzigo uko mkononi mwake mlangoni.

Wazee wengi huwatuma watoto kuchukua vifurushi. Mtoto akiulizwa njiani umebeba nini atajibu. Ni afadhali kuandika jina la mtu mzima atakayekwenda mwenyewe na kitambulisho chake. Likishafunguliwa, boksi lisitupwe wala lisiuzwe kwa muuza maduka na lebo yake. Tumekwisha kununua vitumbua vilivyowekwa juu ya kipande cha boksi chenye jina la mtu, simu yake na zahanati anakotibiwa. Lebo hubanduka kwa maji ya moto, na isipobanduka huchanwa.

Mzazi wa mama yule yu hai mpaka tunapoandika, ingawa miguu haimchukui tena. Binti yake hajarudi katika mji ule. Kila mwisho wa mwezi humtumia sukari, mafuta ya kujichua na dawa za shinikizo la damu, kwa basi lile lile na katika ofisi ile ile, kwa kuwa ndiyo inayofika alfajiri. Karani wa zamani hayupo, yupo kijana mwingine. Mume ndiye hupeleka boksi, likiwa wazi. Humwonyesha kijana kilichomo, hungoja lifungwe, kisha huiomba ile kalamu nene ya wino na kuandika juu yake yeye mwenyewe: jina la mjukuu mkubwa, namba ya simu, na namba ya risiti.